Mpira Ukiingia kwa Dani Rispa

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, Bwana Wesley Nyamhanga atarudisha ufunguo wa pikipiki katika ofisi yetu ya Suna, atavua filimbi shingoni na kwenda kwao Kuria kupumzika. Shirika letu la Kiwanja Chetu litakuwa limeagana na mratibu wa michezo aliyedumu kuliko wakurugenzi wote tuliowahi kuwa nao, kuliko magari yote, na kuliko hata paa la ofisi, ambalo limeezuliwa na kuezekwa upya yeye akiwapo.

Nimeombwa wasifu huu uwe mfupi na wa kuchangamsha. Nitajaribu. Ila mtanisamehe, jamani, mwaka huu sote tumechoka, na huyu anayestaafu amechoka kutushinda. Magoti yake yamekwisha. Daktari alimwambia ni magoti ya mtu aliyebeba magunia maisha yake yote, naye akamjibu kwamba hajawahi kubeba gunia, amebeba mpira tu. Alipotusimulia ofisini tulicheka. Sisi tunaoujua uwanja wa kule Kendu Bay hatukucheka sana.

Bwana Nyamhanga alizaliwa karibu na mpaka wa Tanzania, akasomea ualimu, akafundisha kidogo, kisha mwaka 1997 akajiunga nasi wakati shirika lilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea. Kazi yake ya kwanza ilikuwa Uriri, na ilikuwa kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka: vijana waliotoka gerezani. Hao walikuwa hawapewi kibarua cha kukata miwa wala cha kuchimba choo. Hata kanisani, akikaa mmoja wao, benchi lilianza kupungua watu polepole.

Yeye hakuwaitisha semina. Aliwatafutia jezi na kuwapangia mechi na wafanyabiashara wa soko. Siku hiyo wafanyabiashara walicheza wakiwa wamevaa saa zao mkononi na pesa zao ndani ya soksi, kwa sababu hakuna aliyetaka kuacha kitu pembeni ya uwanja. Mmoja alifunga bao akakataa kushangilia, asije akadondosha noti. Msimu ulipofika mwisho, wafanyabiashara hao hao walikuwa wakimkabidhi mizigo yao kipa wa akiba wa timu ile nyingine, kijana aliyekuwa amefungwa kwa wizi wa baiskeli, na mizigo ikarudi kamili. Wawili kati ya vijana wale wana maduka Uriri leo. Wengine walirudi gerezani. Bwana Nyamhanga hakuwahi kutuficha hilo, na mimi sitawaficha ninyi.

Ofisini tulimzoea kwa mambo mengi, na mengine yalituchosha. Chai yake ilikuwa sukari iliyoonjeshwa majani. Mkutano ukipita saa ya chakula alipuliza filimbi, hata kama anayezungumza ni mgeni kutoka Nairobi. Taarifa zake za kila mwezi zilikuwa na maneno matatu: "Tumecheza. Watu walifika." Wafadhili walipokuja na neno uwezeshaji, alilikubali. Lilipopitwa na wakati wakaja na ujumuishaji, akalikubali pia, kisha akatoka nje kuujaza mpira upepo. Nilipomuuliza siku moja kama anaelewa tofauti ya maneno hayo, alisema anachojua yeye ni kwamba mtu aliyetengwa ameshahubiriwa vya kutosha, anachongoja ni mtu wa kumpa pasi.

Sasa nifike Kendu Bay, maana huko ndiko magoti yalikoishia.

Miaka kama kumi iliyopita tulimtuma afungue uwanja upande wa Homa Bay. Alikutana huko na Mourine Aloo, mama wa watoto watatu ambaye mumewe alikufa katika ajali ya pikipiki. Baada ya mazishi, shemeji alikuja kumrithi kama desturi inavyosema, Mourine akakataa. Hakutukana mtu, hakupiga kelele. Alisema hataki, akaendelea kulima.

Kwa wenzetu ambao si wa pande hizi, nieleze kidogo. Kwa wanaoshika desturi hiyo, mjane ambaye hajarithiwa bado yuko chini ya kivuli cha kaburi. Hatakiwi kukanyaga boma la mtu mwingine, asije akawaletea chira, yaani mkosi unaoila nyumba polepole mpaka iishe. Si kila mtu anaamini hivyo siku hizi. Ukiuliza, wengi watakwambia hayo ni mambo ya zamani na sisi ni watu wa kanisa. Lakini angalia ni nani hualikwa kwenye harusi na ni nani husalimiwa kutoka ng'ambo ya barabara, ndipo utajua.

Mourine hakuwa peke yake. Walikuwapo wanawake wengine kama yeye, waliozoea kukutana kando ya barabara kwa sababu barabara ni mahali pasipokuwa boma la mtu. Bwana Nyamhanga aliwakuta hapo na mpira mgongoni. Mwezi haukuisha, ikawa timu. Walijiita Mon Matek, wanawake wenye nguvu, na mazoezi ya kwanza walicheza na sketi zao za kanisani kwa kuwa jezi zilikuwa bado.

Kiwanja walichopata kilikuwa kipande kilichobaki kati ya barabara na boma la Dani Rispa. Dani ni nyanya kwa Kiluo, na ndivyo kila mtu anavyomwita bibi huyo, hata wale wanaomwogopa. Goli moja liliangalia barabara. La pili lilikuwa karibu kabisa na ua wake wa ojuok, ile miti ya utomvu mweupe unaochoma macho. Mtu yeyote wa hapo angemwambia Bwana Nyamhanga asiweke goli pale. Yeye hakuuliza, akachimba mashimo, akasimamisha milingoti, akajipongeza.

Mechi ya kwanza ilikuwa na timu yetu ya akina mama wa Suna, naye ndiye refa. Mourine alicheza beki. Mguu wake wa kushoto, wacha niseme ukweli, hauna breki. Mpira ulipaa, ukavuka ojuok, ukaanguka ndani ya boma la Dani Rispa. Mon Matek wote wakakimbia hadi kwenye lango la boma, wakasimama. Hakuna aliyeingia. Bwana Nyamhanga alingoja. Akapuliza filimbi. Akawaambia waache mchezo, waingie wachukue mpira. Wakatazama chini. Basi mtu wetu, Mkuria mgeni asiyejua lolote, akaona hawa wanalinda sare, akachomoa kadi ya njano na kumwonyesha Mourine kwa kosa la kupoteza muda.

Mourine aliipokea. Aliyemweleza mwamuzi kwa nini mchezo umesimama ni mmoja wa watazamaji, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba zipu yake iko wazi. Wanaomjua Bwana Nyamhanga wanasema hawajawahi kumwona akiwa mdogo namna ile. Aliirudisha kadi mfukoni, akaenda langoni, akapiga hodi, akaingia akautoa mpira mwenyewe.

Na huo ndio ukawa mwanzo wa kubeba kwake. Watoto wa majirani walikuwa wamekatazwa kuugusa mpira wa wajane. Timu nyingine za hapo, zilipokubali kucheza, zilikubali kwa sharti kwamba mambo ya boma la Dani hayawahusu. Dani mwenyewe alisema hatauokota kwa mkono wake, na atakayeingia kuutoa awe mtu wa kutoka mbali. Mtu wa kutoka mbali alikuwa mmoja tu. Kila Jumamosi alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, na kila mguu wa Mourine ulipokosea alinyanyuka, akazunguka ua wote hadi langoni, akaingia, akatoka na mpira. Mechi nyingine alizunguka mara nyingi kuliko winga.

Msidhani hatukujaribu njia nyingine. Tuliomba uwanja mwingine, tukaambiwa tungoje, bado tunangoja. Mfadhili mmoja alinunua wavu mrefu wa kuzuia mipira, tukaufunga Ijumaa, Jumamosi haupo. Baada ya muda Bwana Nyamhanga aliuona ukiwa umetandazwa juu ya sukuma wiki ya Dani Rispa kuzuia kuku. Hakuudai. Alisema mboga zile zilikuwa zinapendeza.

Alikuwa akiingia kwa Dani anasalimu, anakaa kidogo, anauliza habari za kuku, ndipo anauchukua mpira. Wachezaji nje walikuwa wakilalamika kwamba anakawia. Katika kukaa huko ndipo siku moja Dani alipomwambia la moyoni mwake. Naye alikuwa mjane. Mumewe alikufa yeye angali msichana mbichi, akapewa shemeji asiyempenda, akaishi naye mpaka huyo naye akafa. Alifuata kila kitu alichoambiwa. Alisema, "Mimi sikuulizwa. Hawa wa siku hizi ni akina nani hata waulizwe?" Bwana Nyamhanga aliturudishia maneno hayo ofisini bila kuongeza lake. Nakumbuka chai yake ilipoa siku hiyo, na yeye si mtu wa kuacha chai ipoe.

Mimi huwa na hasira na watu wa aina ya Dani, nikiri hivyo. Lakini maneno hayo yaliniondolea hasira, nikabaki na uchovu.

Miaka ikaenda hivyo hivyo. Mon Matek walishinda mechi, walishindwa mechi, waliwahi kufika nusu fainali ya kombe la kaunti ndogo na kutolewa kwa penalti, mambo ambayo bado hayazungumzwi mbele ya kipa. Wanawake wachache walianza kusalimiwa sokoni kwa majina ya uwanjani. Mwuza samaki mmoja aliyekuwa akimwekea Mourine chenji juu ya meza, asimguse mkono, alianza kumwita Beki na kubishana naye kuhusu ile penalti. Ni kitu kidogo. Katika kazi hii vitu vidogo ndivyo tunavyopata. Ila ndani ya boma la mtu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia.

Barua ya kustaafu ilipotoka, swali lililotuumiza vichwa halikuwa la keki wala la zawadi. Lilikuwa nani atautoa mpira kwa Dani Rispa. Bravin, anayechukua nafasi yake, ni kijana hodari mwenye diploma ya michezo, lakini ni mtoto wa hapo hapo Kendu Bay. Alituambia wazi kwamba akionekana akitoka na mpira ule, mama yake hatampikia tena. Tulitaka kucheka, tukaona hafanyi mzaha. Wakubwa wakaanza kusema kwamba pengine uwanja ule ufungwe, nguvu zipelekwe kwingine. Nilikuwa kwenye mkutano huo. Hakuna aliyepuliza filimbi, kwa sababu mwenye filimbi alikuwa hospitali kwa ajili ya magoti.

Mourine alisikia. Alisafiri mpaka Suna, akaketi kwenye kiti kilicho mbele ya meza yangu, akaniambia, "Dada Beverly, nikiwa kwingine kote mimi ni yule mjane. Pale uwanjani ndipo peke yake mtu ananiita Mourine, ananiambia rudi nyuma, kaba, toa mpira. Mkipafunga, nitaenda wapi kuitwa?" Nilimpa chai. Aliinywa, akanishukuru, akarudi.

Mechi ya kumuaga Bwana Nyamhanga ilichezwa Jumamosi, wiki mbili zilizopita, tena na timu yetu ya Suna. Refa alikuwa Liz wa hapa ofisini, nami nilikwenda kama mbeba machungwa. Tulimkalisha mstaafu wetu kwenye kiti chake cha plastiki, tukamkataza kabisa kunyanyuka. Kipindi cha kwanza mpira haukuvuka ua hata mara moja. Mourine alikuwa akicheza kwa kubanabana, anatoa pasi fupifupi kama mtu anayemwaga maji kwenye chupa, maana kila mtu alijua akikosea itakuwaje.

Kipindi cha pili mshambuliaji wetu alimtoka, akabaki na kipa. Mourine akamfukuza, akamfikia, akafanya linalofanywa na beki yeyote mwenye akili. Aliupiga. Mguu ule wa kushoto. Mpira ukapaa, tukaufuata kwa macho ukivuka ojuok, tukasikia kuku wakitawanyika.

Wote tukageuka kumtazama Bwana Nyamhanga. Mazoea ni mabaya. Naye kwa mazoea alikuwa ameshaanza kunyanyuka. Alipiga hatua chache, goti likamgomea, akashika bega la Bravin na kurudishwa kitini uso ukiwa umekunjamana. Alijaribu tena. Bravin akamzuia, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe. Liz alikuwa na filimbi mdomoni lakini hakuipuliza.

Mourine akaenda langoni. Peke yake, wenzake wakabaki nyuma. Alisimama pale pale waliposimama miaka yote, vidole vya miguu vikiwa nje ya mstari wa lango. Nilikuwa karibu na ua na machungwa yangu, kwa hiyo niliona na kusikia. Dani Rispa alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua omena, dagaa wetu wa ziwani. Mpira ulikuwa miguuni pake. Alimtazama Mourine, kisha akanyoosha shingo kuangalia nje, kule tulikokuwa tunamkandakanda mzee wa watu goti.

Alizungumza Kiluo, nami nayaandika nilivyoyasikia. "Yule mtu wenu amechoka," alisema. "Na mimi nimechoka kulinda huu mlango. Ingia, mwanangu, uchukue mpira wako."

Mourine hakuingia mara moja. Aligeuka kututazama, kama anayetafuta mtu wa kumwambia amesikia vibaya. Kisha akavua viatu vya mpira, sijui kwa nini, akaviacha langoni, akaingia na soksi.

Tukangoja. Alipaswa kuinama, auchukue, atoke. Hakutoka. Wanawake wa Mon Matek walianza kuomba, wengine walianza kulia kabla ya kujua wanalilia nini. Nikachungulia. Dani alikuwa amemvutia kigoda cha pili. Mourine alikuwa amekaa juu yake, ndani ya boma la mtu, mpira mapajani, kibuyu cha uji mkononi, anakunywa kwa kusita huku kikongwe akimwambia amalize, uji haumwagwi. Miaka karibu kumi hajawahi kupewa kiti nyumbani kwa mtu. Nililia, basi. Machungwa yangu yote yalimwagika, nikayaacha.

Alipotokeza langoni na mpira kwapani na masharubu ya uji, muda wa mchezo ulikuwa umekwisha zamani. Ndipo Bwana Nyamhanga alipoingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kadi yake ya njano iliyochakaa pembe zote, akaiinua juu pale pale kitini, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Kadi kwa Mourine Aloo, kwa kosa la kupoteza muda. Vigelegele vilivyofuata vilisikika, naapa, mpaka mjini.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yamekwisha. Majirani wawili wameacha kwenda kwa Dani Rispa, na mmoja ameshaanza kuhesabu kuku wa Dani kuona watakufa lini. Wapo wachezaji wa Mon Matek ambao bado hawathubutu kupita lango lile, wala hatutawasukuma. Bravin bado anazungumza na mama yake ili amkubalie kuugusa mpira. Lakini uwanja haufungwi. Jumamosi iliyopita mpira uliingia mara tatu, na mara tatu Mourine aliufuata. Mara ya tatu, nasikia, Dani alimkaripia kwamba anamvunjia mboga, akamwambia kama wanataka wavu wao waje wauchukue.

Bwana Nyamhanga, tunakushukuru kwa Uriri, kwa Suna, kwa kila mzunguko wa ule ua. Tunamshukuru pia mama watoto, ambaye miaka yote hiyo alikanda magoti yasiyokuwa yake. Nenda Kuria ukapumzike. Chai iwe na sukari unavyotaka, na mikutano yako yote iishe kabla ya chakula. Ukisikia kwa mbali watu wakipiga kelele kwamba mpira umetoka, usinyanyuke. Kaa hapo hapo kitini, mzee wetu. Mwenyewe ameingia kuuchukua.

Beverly Akeyo, kwa niaba ya wafanyakazi wa ofisi ya Suna